Shilingi 5,400

Mwanangu Salma,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, ya kwanza nikiwa ngazini hapa Michenzani na mikate mkononi, maana nilidhani ni salamu tu. Unauliza kama ubaki kwenye sayansi ya kompyuta ufanye Hisabati ya Pili kwa mara ya tatu na ya mwisho, au uhamie fani nyingine mapema, kwani ukianguka safari hii hakuna chuo kikuu Ujerumani kitakachokupokea tena kwa fani hiyo hiyo. Nimefahamu. Na kuhama nako kuna maswali ya idara ya wageni na kibali chako cha kukaa.

Lakini kilichonikosesha usingizi si hicho. Ulianguka Julai, ukaanguka tena Februari, na kila Ijumaa tulikuwa tunazungumza. Mama yako akiuliza masomo, unasema mazuri.

Nyinyi mliambiwa niliacha kazi Dar es Salaam kwa sababu ya ugonjwa wa bibi yenu. Bibi aliumwa kweli. Ila kulikuwa na jambo jingine.

Nilikuwa karani wa daftari kwenye shirika moja, mwanzoni mwa miaka ya 90. Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini mwaka 1974, kwa hiyo wengi wetu tulikua na rula na kalamu nyekundu. Ilipokuja moja ofisini, ilipewa chumba chenye kiyoyozi. Unavua viatu mlangoni. Jioni inafunikwa kitambaa cha kroshia.

Mwezi mmoja karatasi ya mashine ikaonyesha keshia kapungukiwa shilingi 5,400, na wakati ule hizo zilikuwa fedha. Sisi watu wa daftari tuna kanuni: upungufu ukigawanyika kwa 9 bila baki, tafuta kwanza tarakimu zilizopinduliwa. 5,400 kwa 9 ni 600. Nikakaa mpaka magharibi nikipekua stakabadhi moja moja, nikaipata. Keshia alipokea 2,800, aliyeingiza kwenye mashine kaandika 8,200.

Nikaenda chumba kile, viatu mkononi. Kijana wa mashine hata hakuitazama stakabadhi. "Kompyuta haikosei, mzee. Rudi kwenye rula yako." Nilikuwa sijafika miaka thelathini. Wenzake wakacheka, nami nikarudi mezani, nikaitia stakabadhi kwenye mtoto wa meza. Nikasema nitamwambia mkuu kesho. Kesho ikawa Jumatatu, Jumatatu ikawa mwisho wa mwezi. Yule mama keshia akakatwa mshahara miezi mitatu. Alikuwa akituletea vitumbua asubuhi, na aliendelea kuniletea. Nilipokuja kusema, alikuwa ameshaacha kazi na karudi kwao.

Kosa husemwa likiwa bichi. Umelisikia hilo tangu ulipovunja chimni ya taa ya bibi, sasa unajua limetoka wapi.

Utasema, baba, mimi sikumdhulumu mtu. Ni kweli. Na usiku nimejiuliza kama si sisi tuliokufunga mdomo. Zile euro 11,904 tulizofungia akaunti kabla hujapata viza, uwe unatoa 992 kwa mwezi, nilizitaja kwenye kila harusi. Shamba la Donge lililokwenda kwenye fedha hizo nalitaja mpaka leo. Mtoto akisikia hayo atasemaje kwamba ameanguka? Basi hilo ni langu, na sitalitaja shamba tena mbele yako. Lakini bado, Salma. Kosa husemwa likiwa bichi. Julai ungesema, tungekwambia uache zamu za usiku za ghalani. Sheria inakuruhusu siku 140 kwa mwaka, lakini sheria haijui unalala saa ngapi.

Sasa, ubaki au uhame? Nimeandika jibu hapa, nikalifuta. Mimi nakukumbuka una miaka tisa, redio ya mjomba wako imetawanyika sakafuni na wewe umeipanga vipande kwa ukubwa, na moyo wangu una neno lake. Lakini mimi siye nitakayeingia ukumbi ule wa mtihani. Sisemi. Ukinilazimisha nitasema, kwa hiyo usinilazimishe kabla hujafanya jambo moja.

Umeandika kwamba mna haki ya kwenda kuitazama karatasi yenu ikishasahihishwa, na kwamba hukwenda hata mara moja kwa aibu. Nenda. Chukua daftari, nakili kila mahali ulipokatwa alama, uniambie Ijumaa. Hesabu zenyewe sitazielewa. Nataka ujue kama makosa yametawanyika kote, au ni kitu kimoja kilichopinduka mwanzoni kikavuta vyote vilivyofuata.

Mama yako nimemwambia mwenyewe. Piga baada ya Isha, atakuwa macho.

Baba yako