Kwa Unayeanza Kuandika Ukoo: Niliyojifunza kwa Babu na Bibi wa Mbozi

Kosa langu la kwanza lilikuwa la maneno mawili. Nilichora ukoo wa babu na bibi kwenye karatasi ya manila, nikaipiga picha, nikaituma kwenye grupu la familia Jumapili usiku. Pembeni ya jina la shangazi mkubwa nilikuwa nimeandika "wa kufikia". Kulipokucha shangazi alikuwa ameshajitoa kwenye grupu, na baba mdogo amenipigia simu mara 6.

Shangazi si wa kufikia. Mtoto wa kufikia huingia kwenye ndoa pamoja na mzazi wake. Yeye aliletwa peke yake, mgongoni mwa bibi, kabla hajaota jino. Wa kambo naye si yeye. Wa kuasiliwa nako ni kumsingizia, maana kuasili ni jambo la Mahakama Kuu, na siku hizi linaongozwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Babu alikwenda mahakamani mara moja tu maishani, na ilikuwa kesi ya mbuzi. Shangazi ni mtoto wa kulea, na hata hilo nyumbani kwetu halikuwahi kutamkwa. Nilipanda gari hadi Vwawa na sukari kilo 5 kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai, akasema, "Ukiandika habari zangu, nisome mimi kwanza, wao baadaye."

Basi wewe unayeanza leo, anza na hilo. Karatasi yenye habari za mtu aliye hai ipite kwake kabla haijapita kwa mtu mwingine yeyote. Akisema futa, futa.

Ukoo wetu umetokana na watu wawili ambao hawakuzaa. Walitoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga, enzi za Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Babu alifuata dhahabu ya Lupa kule Chunya, kama walivyofanya vijana wengi wa Nyasaland na Rodeshia ya Kaskazini (Zambia ya leo) miaka ya 1930. Dhahabu ilipomchosha akashuka Mbozi, akaomba eneo kwa wenyeji Wanyiha, akaanza na mahindi na ulezi, baadaye kahawa. Watoto waliowalea ni wanne. Ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyoandika, na hapo pia nilikosea, nitafika.

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Usiulize hivyo. Kwa mzee aliyelea, swali hilo lina jibu moja tu: "Wetu." Ukikaza, utaambiwa kitanda hakizai haramu, na mazungumzo yamefungwa. (Methali yenyewe haihusiki hapo hata kidogo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akizungumzia kitanda, lakini jaribu kumweleza hivyo bibi wa miaka 80.) Uliza mambo ambayo watu walifanya. Mtoto alifika mwezi gani, wa mvua au wa kiangazi? Nani alimpokea njiani? Nani alimnyonyesha? Alipougua sana, taarifa ilipelekwa wapi? Na kubwa kuliko yote: alipoolewa, mahari ilikwenda kwa nani?

Mahari ndiyo iliyonifungulia mlango wa shangazi. Kila mtu alisema babu alipokea mahari yote. Mzee mmoja jirani, aliyekuwa mchunga ng'ombe wakati huo, akakumbuka kwamba ng'ombe mmoja hakuingia zizini kwetu: alilala usiku mmoja, kesho yake akaswagwa kuelekea Tunduma. Ng'ombe hatembei bure umbali huo. Alikuwa anakwenda kwa waliomzaa shangazi, nao walikuwa Wanyamwanga.

Hapo nikakwama tena, kwa ujinga wa majina. Nilitafuta wanaume wenye jina la ukoo la shangazi, sikupata hata mmoja. Kumbe kwa Wanyamwanga ukoo mmoja huwa na jina la kiume linaloanza na Si- na la kike linaloanza na Na-. Simwinga na Namwinga ni ndugu. Simfukwe na Namfukwe vilevile. Mimi nilikuwa nimewapanga kwenye daftari kama koo mbili tofauti. Nilipobadilisha herufi hizo mbili za mwanzo, ndugu wa damu wa shangazi wakajitokeza ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo kabla hujagusa jina lolote, jifunze kwanza kabila hilo linavyotoa majina. Ile Mwa- ya Wanyakyusa nayo isikudanganye: iko Kyela na iko Karonga, kwa sababu mpaka wa Songwe uliwekwa na Wajerumani na Waingereza kwenye mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, wakati watu wenyewe walikuwa wameshaoana pande zote. Ukienda Makete ndiyo balaa, maana akina Sanga wamejaa mlima mzima. Huko uliza kijiji na jina la babu yake, jina la ukoo peke yake halitakufikisha popote.

Kila hati ya babu inasema alizaliwa Kyela. Kadi ya chama, cheti cha ndoa cha kanisani, hata kile kitambulisho cha mwisho. Miaka 3 niliwatafuta ndugu zake Kyela, nikala samaki wengi wazuri wa Ziwa Nyasa, nikarudi mikono mitupu. Kilichonizindua ni Biblia ya bibi. Ilikuwa ya Kinyanja, lugha ya Malawi. Mwanamke aliyekulia Kyela angesomea wapi Kinyanja?

Sababu ya uongo huo nilikuja kuielewa baadaye, na nakusihi uielewe mapema ili usiwahukumu wazee. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, aliyekuwa raia moja kwa moja ni yule aliyezaliwa hapa na angalau mzazi mmoja aliyezaliwa hapa. Mhamiaji kama babu alitakiwa ajiandikishe. Mkulima mwenye mibuni iliyoanza kuzaa hataki karani amuulize kwao wapi. Kisha mwaka 1967 Nyerere na Banda wa Malawi wakagombania mpaka wa ziwa, na kuitwa Mnyasa kukawa neno la kumnyamazisha mtu kilabuni. Babu akahamisha kuzaliwa kwake kutoka ng'ambo hadi ng'ambo ya huku, kilomita chache tu. Usimwite mwongo kwenye kitabu chako. Andika: "Hati zinasema Kyela, ndugu wanasema Karonga," kisha eleza kwa nini.

Na ukihoji mtu ambaye bado anaishi na hofu hiyo, zima simu. Sitanii. Rekodi inayosema fulani alizaliwa nje inaweza kumsumbua mjukuu wake siku akifuatilia kitambulisho cha taifa.

Tarehe zitakutesa. Wazee wetu waliozaliwa kabla ya Uhuru, hasa vijijini, wengi hawana vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo usipoteze nauli. Huku kwetu mambo yalibadilika juzi tu: usajili ule wa bure wa watoto chini ya miaka 5 ulianzia Mkoa wa Mbeya mwaka 2013. Kwa wazee tumia matukio. Tukio zuri ni lile lililopita mara moja na kuonekana na wote. "Wachina wanajenga reli" linakupa 1970 hadi 1975, na kwa kijiji kilicho karibu na Vwawa au Tunduma unaweza kupunguza zaidi. "Tulipohamishiwa vijijini" linakupa katikati ya miaka ya 1970. Ukiwa Iringa, hasa Ismani, watu wazima wa wakati huo wanakumbuka walikuwa wapi Krismasi ya 1971, siku aliyouawa Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa. Lakini "mwaka wa nzige" niliuandika kwa ujasiri kama 1933, nikajutia. Nzige wekundu wa bonde la Rukwa walisumbua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 hadi katikati ya 1940, kwa hiyo kila mzee ana mwaka wake wa nzige. "Vita ya Mjerumani" nayo uliza ni ipi. Wengine husema hivyo hata kwa ile ya Hitler.

Kanisani nenda ukiwa na adabu na muda. Rejista za ubatizo za Wamoraviani na Walutheri ni hazina, ila zina pengo lenye sababu. Waingereza walipowafukuza Wajerumani huku mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na vituo vyao vikaangaliwa kwa miaka kadhaa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia kutoka Nyasaland, pamoja na walimu Waafrika waliokuja nao. Mwandiko unabadilika, tahajia ya majina inabadilika, na baadhi ya familia za Kinyasa zilizoko Rungwe leo zilianza na mwalimu wa namna hiyo. Ukikuta Neu-Langenburg kwenye karatasi ya kale usiagize ramani ya Ujerumani, ni Tukuyu. Upande wa Katoliki pitia pembeni ya ukurasa wa ubatizo, maana kipaimara na ndoa huandikwa hapohapo hata kama vilifanyika parokia nyingine. Kwa mtoto wa kulea soma sana majina ya wasimamizi. Mara nyingi mtu wa damu yake alisimama pale kimya.

Karatasi za kilimo watu huzidharau. Mkebe wa biskuti wa bibi ulikuwa na stakabadhi za kodi, za kahawa, na madeni ya mbolea. Stakabadhi ya kahawa ina jina, kijiji, kilo na tarehe. Ukizipanga sakafuni unaona nani alianza kuuza kwa jina lake mwenyewe na mwaka gani, yaani lini baba alimwona mtoto ameshakuwa mtu mzima. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na kurudishwa na sheria ya 1982, kwa hiyo katikati hapo kichwa cha stakabadhi kinabadilika. Si kwamba familia ilihama.

Shamba lenyewe pia ni hati. Kila mtoto aliyekuwa na uwezo wa kushika jembe, babu alimkatia mistari ya mibuni na kuiita kwa jina lake. Msimu wa kuchuma nilikwenda kusaidia (nenda msimu huo, kikapu kiunoni, mikono ikiwa na kazi midomo hulegea, na hakuna anayekutazama machoni). Nikawa naambiwa: hii ya shangazi, hii ya baba yako, hii ya mkubwa, hii ya mdogo. Tulipofika kwenye mistari 4 karibu na korongo, baba mdogo akasema, "Hii ya yule," akaendelea kuchuma.

Watoto wanne, sehemu tano.

Sikuuliza siku hiyo. Niliuliza mwaka uliofuata, mistari ileile, na nikaambiwa nusu. Alikuwa mvulana, mpwa wa bibi, aliletwa kutoka Karonga akiwa anaweza kuchunga. Aliishi hapo mpaka ugomvi ule wa mpaka ulipopamba moto, ndugu zake wakamfuata, akavuka nao. Hakurudi. Babu hakuigawa ile mistari kwa mwingine.

Nilivuka mpaka pale Kasumulu kumtafuta, nikiwa na jina lake la kwanza tu. Kanisani walinisaidia sana, ila jina hilo walikuwa nalo wanaume wasiohesabika. Zomba kwenye Nyaraka za Taifa za Malawi bado sijafika. Ukitaka kwenda, jua ni mbali, kusini mwa Malawi, na ni afadhali uandike barua kwanza.

Kuhusu programu za kompyuta sina mengi. Tafuta inayokuruhusu kumpa mtoto mmoja jozi mbili za wazazi, ya kuzaa na ya kulea, bila kuifanya moja iwe ya pembeni. Daftari la mistari linafanya kazi hiyohiyo: ukurasa wa kushoto damu, ukurasa wa kulia malezi. Shangazi ana kurasa zote mbili zimejaa, na amezisoma, amesahihisha tahajia ya jina la mama yake mzazi kwa kalamu nyekundu. Yule wa korongoni kushoto ana jina la dada ya bibi, na kulia nimeandika: mibuni mistari 4, inachumwa kila mwaka, hela yake inawekwa kwenye mkebe.