Baiolojia au zuolojia: usichague kwa asilimia ya kuridhika peke yake

Mkuu, umesema kuna kozi ya zuolojia inayojinadi kwamba asilimia 95 ya wanafunzi wake wameridhika, na ya baiolojia yenye 82, ukauliza kama tofauti hiyo ina uzito. Mimi nilisoma zuolojia, baadaye nikasimamia maabara za mwaka wa kwanza, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Anza kwa kuuliza waliojibu ni wangapi. Darasa la zuolojia mara nyingi ni dogo. Wakijibu watu 20, kila mmoja ana asilimia 5 mkononi. Wakinuna watatu zaidi tu, 95 yako imekuwa 80 na mhadhiri ni yule yule. Uingereza wanawahoji wanafunzi wa mwaka wa mwisho nchi nzima tangu 2005, na kozi haitangaziwi matokeo kama waliojibu hawafiki 10 au ni chini ya nusu ya darasa. Tena kwa vyuo vya England, ambayo ni sehemu moja tu ya Uingereza, kuanzia 2023 lile swali la kuridhika kwa ujumla limeondolewa. Yamebaki ya ufundishaji, usahihishaji na mrejesho, mpangilio wa kozi na mengineyo. Huo mchanganuo ndio wa kusoma, hasa kipengele cha mrejesho. Ripoti ya maabara ikirudi baada ya wiki sita na alama tupu, mwanafunzi ameshaandika nyingine tatu kwa makosa yale yale, halafu watu wanashangaa kwa nini darasa lina hasira.

Sababu nyingine ya manung'uniko haihusu chuo kabisa. Wengi huingia zuolojia wakiwa na simba na nyangumi kichwani, wakapokelewa na baiokemia, jenetiki na takwimu. Wanaofuata wanyama wakikuta minyoo, wanaona wametapeliwa. Lakini zaidi ya asilimia 95 ya spishi za wanyama hazina uti wa mgongo! Kozi inayokurushia mamalia tu muhula mzima ndiyo ya kuitilia shaka. Na takwimu usizikimbie, maana mradi wa mwaka wa mwisho bila takwimu hauendi.

Kilichowaamsha wanafunzi niliowasimamia kilikuwa kumpasua mende. Unambana kwa pini kwenye trei yenye nta, unamfunika kwa maji ili viungo vielee visigandamane, unakata kingo za mgongo na kuuinua taratibu. Mirija ya hewa inang'aa kama fedha, na pale utumbo wa kati unapokutana na wa nyuma kuna nyuzi nyembamba za manjano, mirija ya Malpighi, inayomtolea takamwili. Kwenye kitabu mchoro huo watu waliupita tu. Ila ilifanya kazi pale kila mmoja alipokuwa na mende wake. Wanafunzi wanane wakizunguka trei moja, mmoja anapasua, wawili wanachora, waliobaki wako kwenye simu.

Kwa hiyo siku ya kutembelea chuo, waache maofisa wa udahili na vipeperushi vyao, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Muulize hadubini moja inagawanywa na wangapi, safari za uwandani zimo kwenye ada au zinalipiwa kando, na msimamizi wa mradi anapatikana au anajibu barua pepe kwa kudra. La uwandani likazie, kwa sababu kuna kozi zinazoweka picha za msituni kwenye tangazo kumbe safari yenyewe ni ya hiari na nafasi zake ni chache.

Kama bado roho inayumba, tafuta chuo ambacho baiolojia na zuolojia zinachangia masomo ya mwaka wa kwanza na kuhama kunaruhusiwa. Viko vingi. Ila sharti la kuhama waombe wakupe kwa maandishi, kwa sababu vingine vinadai wastani fulani wa alama na wanakwambia ukiwa umeshalipa.