Projekta za filamu za zamani: kabla hujauliza ipi bora, angalia matundu

Mkuu, umesema mjomba kakuachia maboksi mawili ya filamu na umeshaona projekta nne zinauzwa, Bolex M8, Eumig P8, Elmo ST-1200 na Eiki moja ya 16mm, unauliza ipi bora. Mi nimehangaika na hizi mashine miaka kumi na kitu, nimenunua nzima, nimenunua vyuma chakavu, zingine nimezifungua mpaka skrubu ya mwisho zikanishinda kurudishia, kwa hiyo naongea kama mtu aliyeungua vidole. Na naona swali lako umelianzia mkiani. Ukiacha hizo mbili za kwanza, mashine ulizotaja hazishindani kabisa, kila moja ina filamu yake na haili nyingine. Ni sawa na kuuliza ufunguo upi mzuri kabla hujaona kitasa.

Fungua boksi kwanza. Vuta filamu kama urefu wa mkono, ishike pembeni isipate alama za vidole, inyanyue kwenye mwanga wa dirisha. Kama ina upana wa milimita 16 utaiona tu, hiyo ni ya Eiki. Kama ni nyembamba ya 8mm hapo ndo watu wengi wanaliwa, kwa sababu ziko mbili na upana wao ni uleule. Standard 8, ambayo Kodak waliitoa 1932, matundu yake ni makubwa kiasi na yako usawa wa mstari unaotenganisha picha na picha. Super 8 ya 1965 matundu ni madogo, membamba, na yanakaa katikati ya ubavu wa kila picha, na kwa kuwa matundu yalipunguzwa picha yenyewe ikapata nafasi, ni kubwa karibu nusu zaidi. Rili, yale magurudumu ya kuviringishia filamu, nazo zinatofautiana, ya Standard 8 ina tundu dogo katikati na ya Super 8 ina tundu kubwa, ila usiamini rili hata siku moja, watu wanahamisha filamu kwenye rili yoyote waliyonayo. Amini matundu ya filamu.

Ukiweka Super 8 kwenye M8 au P8 ya kawaida, ambazo ni za Standard 8, ule ukucha unaovuta filamu picha kwa picha unashuka mahali ambapo tundu halipo, unatoboa. Utasikia trrrrr na picha inaruka kama ina kifafa, na kila sekunde unayokaa kushangaa ni picha 16 au 18 zimeshachanwa pembeni. Zipo mashine zinazokula Standard 8 na Super 8 zote mbili, unageuza swichi au unabadilisha geti (pale filamu inapopita mbele ya taa) na gurudumu la meno, nzuri kwa mwenye maboksi yaliyochanganyika, ila ukizinunua hakikisha vile vipande vya kubadilisha vipo vyote maana ndo vitu vya kwanza kupotea.

16mm nayo ina mtego wake na huu huwa unaniuma kuukumbuka. Filamu ya 16mm yenye sauti ina matundu upande mmoja tu, upande wa pili ndo umepita mstari wa sauti. Sasa projekta za zamani zaidi za 16mm, zile za bubu, magurudumu yake yana meno pande zote mbili. Niliweka humo filamu ya sauti, picha ikatoka safi kabisa, nikafurahi, nikaangalia mpaka mwisho. Nilipokuja kuitoa nikakuta yale meno ya upande wa pili yamejitobolea matundu yao wenyewe katikati ya mstari wa sauti, toka mwanzo mpaka mwisho, kwa mpangilio mzuri utadhani kiwandani. Kwa hiyo ukikutana na mashine ya 16mm isiyo na sauti, chungulia magurudumu kwanza, kama meno yako pande mbili na filamu yako ina matundu upande mmoja achana nayo.

Hapo ndo nafika kwenye kitu ambacho kwangu kinatenganisha hizi projekta kuliko jina la kampuni wala uzuri wa umbo. Watu wanauliza ipi inaonyesha vizuri. Mi nauliza ikikwama, filamu naitoaje?

Ziko njia tatu za kuingiza filamu. Kuna za mkono, unapitisha mwenyewe kwenye geti na magurudumu, unaacha kitanzi juu ya geti na kingine chini, kwa sababu gurudumu linazunguka bila kusimama wakati ukucha unavuta na kuachia, bila kile kitanzi hao wawili wanagombania filamu na inakatika. M8 iko hivyo, na P8 ya kawaida. Inachosha mara tatu za kwanza halafu mkono unazoea. Kuna zinazojivutia zenyewe, unachomeka ncha inapita hadi nyuma, Elmo ST-1200 ni ya kundi hili. Halafu kuna za mfereji, unalaza filamu ubavuni kwenye uwazi mmoja mrefu, unafunga, basi, na unaweza kuifungua katikati ya onyesho ukainyanyua filamu bila kuigusa picha. Elmo 16-CL ni ya hivyo na Eiki nazo zipo za mfereji na za mkono, kwa hiyo muulize muuzaji hiyo yake ni ipi au omba picha ya ubavuni.

Zinazojivutia ni tamu mpaka siku inakataa. Nina filamu ya mama yangu akiwa msichana anajifunza baiskeli, Super 8, rili ndogo ya futi 50 ambayo kwa kasi ya picha 18 kwa sekunde inakwisha ndani ya dakika 3 na sekunde 20. Nikaichomeka kwenye mashine ya kujivutia, kampuni naliacha jina, ncha ilikuwa imejikunja kidogo na mi kwa uvivu sikuikata. Ikaingia, haikutoka nyuma. Mota inalia, taa inawaka, ukutani sioni kitu, na ndani filamu inajikunja mikunjo midogomidogo kama karatasi ya feni ya mkono. Kuitoa ilibidi nifungue kifuniko, nitoe lenzi, nitoe geti, bado ikagoma, nikatumia mkasi. Picha 11 zilienda. Ni kama nusu sekunde na ushee, lakini ndo ile nusu sekunde ya kuanguka, sasa hivi mama yuko juu ya baiskeli halafu ghafla yuko chini anacheka. Tangu siku ile filamu ambayo ni moja tu duniani siiweki kwenye mashine ya kujivutia, na nikilazimika naunga kipande kirefu kitupu mwanzoni na ncha yake naikata vizuri.

Taa. Hapa M8 na P8 ndo zinatofautiana kweli na wengi wanadanganyika na namba. M8 ina balbu ya wati 500 ya umeme wa juu, P8 ina balbu ya volti 12 wati 100, unaona utasema ya kwanza lazima imwage mwanga mara tano. Si hivyo. Balbu ya volti kubwa inahitaji waya mrefu mwembamba ndani, mwanga unatoka eneo pana na mwingi unapotelea ndani ya bodi kama joto. Ya volti ndogo ina waya mfupi mnene, mwanga umejikusanya sehemu moja na ndo lenzi inachotaka. Kwa hiyo P8 inajitahidi kwa umeme kidogo sana na filamu inapata joto kidogo. Tena hizo balbu za wati 500 na 750 za zamani kuzipata ni shughuli, wakati za halojeni bado zinazunguka kwa sababu zinatumika kwenye vifaa vingine pia. Angalia zile herufi tatu za aina ya balbu: EFP ni volti 12 wati 100, EFR ni volti 15 wati 150 na ndo ya ST-1200, ELC ni volti 24 wati 250 utaikuta kwenye Eiki nyingi. Uliza balbu kabla hujalipa mashine, sio baada.

Umeme nao. Mashine ikiwa ya volti 110 utaweka transfoma na itawaka, sawa, ila transfoma haibadilishi hezi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde. Kama mota inafuata hezi na ilitengenezwa kwa 60, ukiichomeka kwenye 50 ile kasi ya picha 24 inashuka mpaka 20, na kama kuna sauti basi kila mtu anaongea kama kaamshwa usingizini. Nyingine zina puli mbili unahamisha belti, hizo poa. Na belti yenyewe, ile ya mpira ikikaa miaka inayeyuka inakuwa kama lami, inagandia puli, kwa hiyo mashine iliyolala stoo usiwashe, zungusha kwanza ile nobu kwa mkono usikie kama inapita laini. Nzito? Grisi imekuwa gundi, fungua usafishe kwanza, usilazimishe mota maana kuna gia za plastiki humo zinasubiri tu sababu.

Sauti sina mengi, Super 8 sauti yake kwa kawaida ni ya sumaku na 16mm nyingi ni ya mwanga, kuna kibalbu kidogo pembeni kinapiga ule mstari. Kibalbu kikiungua picha inaendelea kama kawaida mashine imekuwa bubu, wengi wanauza bei ya kutupa wakidhani amplifaya imekufa. Hiyo ni nafasi yako.

Kwa hiyo kama maboksi ni Standard 8, chukua P8, M8 ni mashine imara na nzuri kuitazama mezani lakini balbu itakuchosha. Kama ni Super 8 na pembeni pana ule mstari wa kahawia wa sumaku chukua Elmo, kwa masharti ya ncha niliyosema. Kama ni 16mm, Eiki, ikiwa ya mfereji usilale. Na kama ukifungua boksi ukakutana na harufu kali ya siki, hiyo filamu imeanza kuoza na kusinyaa, matundu hayakai tena sawasawa na ukucha, usiipitishe kwenye projekta yoyote hata ya rafiki.

Ukishaangalia njoo useme umekuta nini. Maana kama matundu umeyakuta katikati kabisa, kati ya picha na picha, basi hiyo ni 9.5mm ya Pathé ya Ufaransa na kati ya hizo nne hakuna hata moja itakayokufaa.