Muulize Mwalimu: Jiwe jeusi kwenye giza, nani aliliona?

*Mwalimu habari za siku nyingi. Mimi ni fundi wa majiko hapa Kibuye, Kisumu. Kijana wangu wa form two amekuja na stori ati huko juu kuna jiwe kubwa jeusi kama makaa, upana wake kilomita mia nne na kitu, linazunguka jua mbali sana. Nikamuuliza, kama jiwe ni jeusi na huko ni giza, aliyeliona ni nani? Akanyamaza. Sasa nauliza wewe, na pia uniambie hayo ni makaa kweli ama ni rangi tu, na kama linaweza kutuangukia. – Fundi, Kibuye*

Fundi, kijana hajakudanganya. Itakuwa ameskia kuhusu Hygiea, asteroidi ya nne kwa ukubwa katika ule mkanda wa mawe ulio kati ya Mirihi na Mshtarii. Upana wake ni kama kilomita 430, ni kama utoke Nairobi hadi Mombasa ukipaa kama ndege. Nianze na lile swali la mwisho juu najua ndilo linakunyima usingizi: haliji. Liko upande wa nje wa huo mkanda, kama kilomita milioni 470 kutoka kwa jua, mzunguko mmoja unalichukua miaka mitano na nusu hivi, na hata likitukaribia venye linaweza bado kuna zaidi ya kilomita milioni 250 katikati yetu. Wewe piga nyundo tu.

Sasa hiyo ya giza. Ushawahi kuteremka na matatu usiku kutoka Kericho, ukipita Awasi kuingia Ahero? Boda amevaa ile jaketi ya kumetameta unamwona akiwa mbali kabisa, mtu mdogo na pikipiki yake. Halafu kuna trela ya miwa, refu kama nyumba tatu, halina taa hata moja nyuma, na hilo dereva analiona akiwa ameshalikaribia na abiria wote washaanza kuita majina ya Mungu. Huko juu mambo ni hayo hayo. Juno, asteroidi nyingine ambayo upana wake ni kama kilomita 250 tu, ilionekana mwaka 1804. Hygiea yenye kuizidi kwa mbali ikakaa hadi tarehe 12 Aprili 1849 ndio Annibale de Gasparis akaiona kule Napoli, Italia, ikawa ya kumi kupatikana. Ya nne kwa ukubwa, ya kumi kuonekana! Ni vile Juno inarudisha mwanga wa jua vizuri kidogo, na Hygiea inarudisha kama asilimia 7 pekee, ile ingine yote inaimeza. Lakini hiyo saba ndiyo inatosha darubini, juu jiwe lenyewe ni jeusi, sawa, ila limesimama juani mchana kutwa, huko hakuna usiku wa kulificha vile wewe unafikiria, na kile kipande cha anga kilicho nyuma yake ni cheusi kuliko hilo jiwe.

Na walijuaje si nyota? Nyota zinakaa mahali pamoja zikilinganishwa na wenzake, hii inahama. Unachora ramani ya hizo nyota leo, unarudi baada ya siku mbili tatu, unakuta kanukta kamoja kamesonga. Kazi ya uvumilivu tu.

Kitu kilichowasumbua kwa miaka ni ukubwa, manake nukta ya mwanga haikuambii kama ni jiwe dogo jeupe ama jiwe kubwa jeusi. Hapa ni wewe ungefaa kuwafundisha. Weka juani bati jipya na bati lenye masizi, halafu uguse. Lile jeusi litakuchoma, si ndio? Jiwe jeusi linameza jua linapata joto, na hilo joto linatoka tena kama mnururisho ambao jicho haliuoni lakini mitambo inauona. Mwaka 1983 Marekani, Uholanzi na Uingereza walirusha setilaiti iitwayo IRAS ya kupima joto la vitu vya angani, na asteroidi nyingi zikapimwa humo. Ukiwa na mwanga na joto pamoja unapiga hesabu unapata upana. Mimi hiyo ndiyo napenda kuliko yote, kwamba weusi uliolificha ndio umelisaliti.

Makaa? Hapana, usilete gunia. Ni udongo zaidi, udongo mfinyanzi kama ule unaweka ndani ya jiko, ila huu haujachomwa, bado una maji yamefungwa ndani ya madini yake. Tunajua aina hii ya mawe kwa sababu vipande vya jamii yake vimeshatuangukia, na kimoja kilianguka hapa kwa majirani, Ivuna, Tanzania, Desemba 1938, gramu 700 na kidogo hivi. Kundi zima la vimondo vya aina hiyo duniani linaitwa CI, na hiyo I ni ya Ivuna. Wajapani walipoleta mchanga wa asteroidi nyeusi ya Ryugu mwaka 2020, wakaupima wakakuta unafanana sana na jiwe la Ivuna. Kaboni yenyewe humo ni kama asilimia 3 tu, lakini wewe mwaga masizi kidogo kwa unga uone kama kuna mtu atakula hiyo ugali.

Mwambie kijana na hii: mwaka 2019 wanasayansi walitoa picha za Hygiea zilizopigwa na darubini kubwa ya Chile, wakakuta ni mviringo karibu kabisa. Watu walitarajia shimo kubwa la kugongwa, manake kuna vipande kama 7,000 vinavyotembea njia moja nayo, ni kama vifusi vyake. Shimo hakuna. Hesabu zao zinaonyesha iligongwa miaka kama bilioni mbili iliyopita, ikavunjika yote, halafu vipande vikavutana vikajikusanya upya.

*Mwalimu, hapa Nakuru tunabishana. Menengai ilichimbwa na asteroidi? – Section 58*

Hapana. Ni volkano iliyobomokea ndani. Ule mvuke unaouona huko si wa mgeni.

*Kuna asteroidi yenye jina la Kenya kweli ama ni mambo ya mtandaoni? – Mwanafunzi, Kakamega*

Iko, namba yake ni 1278, ilipatikana Johannesburg mwaka 1933.

Na Fundi, kama mtataka kuiona Hygiea wenyewe, macho matupu hayatoshi, tafuteni darubini ndogo ya nyota. Sisi tuko karibu na ikweta kwa hivyo njia yake inapita juu juu ya kichwa, si kama Wazungu wanaoitafuta chini kwenye ukungu. Nendeni Dunga mbali na taa za mji, usiku usio na mwezi, mchore nyota zote mnazoziona mahali programu ya simu inawaonyesha, mrudi usiku wa tatu na hiyo karatasi. Na mbebe sweta, upepo wa ziwa saa tisa usiku haucheki na mtu.