Jibu: Shamba la kondoo la bondeni, ninunue au niache?

Ndugu, umeuliza kama uchukue lile shamba la bondeni lenye majani mabichi mwaka mzima, pamoja na vifaa anavyotaka kukuuzia mwenyewe.

Nakusihi usilipe kabla hujalikanyaga wakati wa mvua. Bonde linalotuamisha maji ndiyo makazi ya konokono wadogo wanaoeneza minyoo ya ini. Inama ukingoni mwa dimbwi, geuza majani yaliyolalia tope. Kama wapo, utawaona wamegandia pale. Unyevu huohuo huleta kuoza kwato, ila huo haunitishi sana: vimelea vyake nje ya kwato hufa ndani ya wiki 2 hivi, kwa hiyo shamba likikaa tupu mwezi mzima kabla hujaingiza kundi lako, umepona. Minyoo ya ini haiondoki hivyo, maana konokono wanabaki.

Vifaa sasa. Mizani, vihori na mageti nunua. Senyenge ya miba mwachie, inanasa manyoya na kuchana ngozi. Kondoo wanataka waya wa wavu. Na yale mawe ya chumvi ya ng'ombe yaliyobaki stoo usiyapokee hata bure, tafadhali. Mengi yana shaba, na shaba hujilimbikiza kwenye ini la kondoo polepole hadi siku moja anaanguka, macho na ufizi vimegeuka manjano.

Hati na mipaka hakiki ofisi ya ardhi. Kisima kinakauka miezi gani? Hilo muulize jirani, siyo muuzaji.