Mtoto wa miaka 2 mwenye sindromu ya Down na kilo 9.4

Dada wa Nakuru, umeeleza kwamba mwanao wa miaka 2 ana kilo 9.4, kwamba kliniki imeandika ana utapiamlo, na kwamba majirani wanakuhimiza umtilie siagi ya njugu katika kila kikombe cha uji. Mimi ni baba wa msichana wa miaka 11 mwenye sindromu ya Down kama mwanao, hapa Kisumu, na ushauri wangu ni kwamba kabla ya kugusa sufuria, apimwe moyo na thairoidi, ile tezi ya shingoni inayotoa homoni za ukuaji wa mwili.

Mchoro wa ukuaji uliomo katika kijitabu cha kliniki haukutengenezwa kwa ajili ya watoto wetu, ambao kwa kawaida huwa wafupi na huongezeka polepole. Upo mwingine wa kwao, uliotolewa mwaka 2015 na watafiti wa Philadelphia, Marekani, na daktari wa watoto anaweza kukuchapishia. Hata hivyo, kauli ya kwamba "ndivyo walivyo" ndiyo iliyotuponza sisi. Binti yangu alipokuwa na miaka 4 alikaa karibu mwaka mzima bila kurefuka kwa kiasi cha kuonekana, akawa anafunga choo, ngozi imemkauka na usingizi haumwishi, na kila nilipouliza, lawama ilitupiwa sindromu. Daktari mwingine alipochora vipimo vyake kwenye mchoro ule wa pekee, tuliona ameachwa nyuma hata na wenzake. Damu ikapimwa, na tezi ikakutwa imelegea. Tangu aanze kumeza livothairoksini, dawa inayojazia homoni ya tezi hiyo, kila asubuhi kabla ya kula chochote, nguo zilianza tena kumbana kwa urefu. Kipimo hicho cha tezi hufanywa mtoto anapozaliwa, akiwa na miezi 6, anapotimiza mwaka, kisha kila mwaka, awe na dalili au asiwe nazo. Kuhusu moyo, karibu nusu yao huzaliwa na kasoro, kwa hiyo kama mwanao hajawahi kufanyiwa eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, idai.

Vyote viwili vikiwa salama, usimshindilie chakula. Miili yao ikipumzika hutumia nishati kidogo kuliko ya watoto wengine, na wembamba wa utotoni hugeuka upesi. Wangu alianza kunenepa akiwa na miaka 7, kwa mandazi na soda za nyanya yake, na nakiri kwamba nilifurahi, kwa sababu ile miaka ya nyuma ilikuwa imenitisha. Sasa anakula omena, sukuma wiki na kipande cha ugali kisichozidi ngumi yake, na jioni anacheza muziki sebuleni, maana matembezi aliyakataa katakata.

Ukijibu, niandikie pia urefu wake, kwa kuwa kilo peke yake hazionyeshi kama amekonda au ni mfupi tu.