Mashine Ikidhuru, Nani Atoe Jawabu?

Barua tatu za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wasiofahamiana, lakini zote zinagusa jambo moja. Ya kwanza imenichukua nafasi kubwa kuliko zote, na mwenyewe ataona sababu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, na mwaka huu tumesoma somo la falsafa ya teknolojia. Tumefundishwa kwamba posthumanisimu inakataa kumfanya binadamu kitovu cha kila jambo, na kwamba tendo lolote ni zao la watu, vyombo na mazingira kwa pamoja. Ikiwa ni hivyo, na ikiwa mashine aliyeamua amejifunza mambo ambayo hata aliyemtengeneza hayajui, je, bado tuna haki ya kumlaumu mtu yeyote? Au neno "kuwajibika" limepitwa na wakati?

JIBU: Kabla ya kuingia katika falsafa, naomba nianze na sarufi yako. Umeandika "mashine aliyeamua amejifunza", na mhariri alipotaka kusahihisha iwe "mashine iliyoamua imejifunza", nilimwomba aiache, kwa sababu kosa hilo, kama ni kosa, limebeba swali lako lote. Lugha yetu humlazimisha msemaji achague: chenye uhai hupewa a- na wa-, kitu hupewa i- na zi-, na huwezi kuitaja mashine inayotenda jambo bila kuiweka upande mmoja. Hata hivyo, kuhesabiwa miongoni mwa viumbe hai hakumfanyi mtu adaiwe jambo. Ng'ombe anachukua a-, na mtoto mchanga vilevile, lakini hakuna anayewadai maelezo wakivunja chungu. Kwa hiyo tuna maswali mawili: nani au nini kimetenda, na nani anapaswa kutoa jawabu. Mijadala mingi ya posthumanisimu hukwama pale maswali hayo mawili yanapochukuliwa kuwa moja.

Fikra zenyewe hueleweka vibaya mara nyingi. Posthumanisimu si ile ndoto ya kuwafanya watu waishi milele kwa kuwatia vyuma na programu mwilini. Hiyo huitwa transhumanisimu, na kwa kweli inamtukuza binadamu yuleyule wa zamani kwa kumwongezea nguvu. Wanafikra watatu, Donna Haraway katika makala yake ya mwaka 1985 kuhusu saiborgi (kiumbe nusu mtu, nusu mashine), Katherine Hayles katika kitabu cha mwaka 1999, na Rosi Braidotti katika kitabu cha mwaka 2013, kila mmoja kwa njia yake, wanaishambulia picha ya mtu iliyojengwa na falsafa ya Ulaya: mtu aliyekamilika ndani ya nafsi yake, anayejitawala, ambaye akili yake inaweza kufikiriwa peke yake bila mwili wala vyombo anavyovitumia. Wanatukumbusha pia kwamba picha hiyo haikuwahi kuwahusu watu wote, kwa kuwa wanawake, watumwa na watu waliotawaliwa waliachwa nje yake kwa karne nyingi. Naye mwanafikra Mfaransa Bruno Latour alieleza kwamba mtu aliyeshika bunduki si mtu yuleyule aliyekuwa mikono mitupu, na bunduki iliyo mkononi si ile iliyokuwa kabatini. Kinachotenda ni kitu cha tatu kilichozaliwa na muungano wao. Katika hayo yote naona ukweli mwingi, na sioni sababu ya mhandisi kuyaogopa.

Ugumu unaanza tunapoyaweka mbele ya kipimo cha zamani. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtu husifiwa au hulaumiwa kwa anachokitenda kwa hiari, na kwamba hiari huondolewa na mambo mawili: kulazimishwa na kutojua. Mpaka leo kipimo hicho kimo katika sheria na katika ugomvi wa nyumbani: je, angeweza kufanya vingine, na je, alijua? Mwaka 2004 mwanafalsafa Andreas Matthias aliandika kwamba mashine zinazojifunza zimefungua pengo, kwa kuwa mtengenezaji hawezi tena kutabiri mashine yake itafanya nini wala kuidhibiti kila hatua, na mtumiaji hawezi pia, huku mashine yenyewe ikiwa haiwezi kulaumiwa kwa maana yoyote ya kueleweka. Madhara yapo, lakini mwenye kuyajibia hapatikani. Swali lako ni pengo hilohilo, umelifikia kwa mlango wa posthumanisimu.

Mimi sikubali kwamba pengo hilo ni la asili, na nitaeleza kwa tukio moja ambalo uchunguzi wake uko wazi kwa umma. Mwezi Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa usalama wa usafiri walibaini kwamba mfumo ulimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, lakini ukawa unabadilisha dhana: mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Kila ulipobadilisha dhana, ulisahau alikuwa ametoka wapi, ukaanza upya kukisia anaelekea wapi. Haukuwa umetengenezwa kumzingatia mtu anayevuka mahali pasipo kivuko. Breki za dharura zilizokuja na gari kutoka kiwandani zilikuwa zimezimwa wakati kompyuta inaendesha. Msimamizi aliyeketi nyuma ya usukani alikuwa akitazama kipindi kwenye simu, na kampuni ilikuwa imepunguza wasimamizi wa kila gari kutoka wawili hadi mmoja.

Soma orodha hiyo kwa jicho la Latour na utakubali kwamba hakuna mmoja aliyelitenda tendo lile: vihisi, msimbo, simu, giza, sera ya kampuni na mikono ya mtu vyote vimo. Isome sasa kwa jicho la Aristotle, na utashangaa jinsi mambo mengi yalivyokuwa yakijulikana na kudhibitika. Kuna mtu aliyeamua breki zizimwe, kuna aliyeamua kwamba msimamizi mmoja anatosha, na kuna aliyeidhinisha mfumo usiozingatia kwamba watu huvuka barabara popote. Hakuna kati yao aliyehitaji kutabiri usiku ule ili aulizwe juu ya uamuzi wake.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua. Mwendesha mashtaka alisema mwaka 2019 kwamba hakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Msimamizi alishtakiwa, na mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya gereza. Simtetei, kwani macho yake yalikuwa kwenye simu badala ya barabarani. Lakini mtafiti Madeleine Elish ameeleza vizuri namna mifumo hii inavyofanya kazi: kama vile sehemu ya mbele ya gari inavyotengenezwa ibonyee ili abiria wasalimike, ndivyo mtu aliye karibu zaidi na mashine anavyowekwa abonyee kwa lawama ili mfumo usalimike. Katika kisa hiki sioni pengo la uwajibikaji. Naona uwajibikaji uliosukumwa chini hadi kwa yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote wa kubadilisha chochote.

Hapo ndipo posthumanisimu inaweza kutusaidia badala ya kutuponza. Tukiamini kwamba tendo moja lina mtendaji mmoja, tutamtafuta huyo mmoja, na tutampata aliye karibu. Tukikubali kwamba watendaji ni wengi, tunalazimika kuwauliza wengi. Lakini fikra hizo zinaponza pale mtu anaposema kwamba kwa kuwa watendaji ni wengi, fungu la kila mmoja limekuwa dogo mno kulihesabu. Dhima haigawanyiki namna hiyo. Watu wanne wakimsukuma mwenzao kisimani, hakuna anayebaki na robo ya hatia. Na mashine ikiongezeka kuwa ya tano, wale wanne hawapunguziwi kitu, kwa sababu mashine inachangia nguvu tu. Haina jambo inalodaiwa.

Nikupe dokezo la lugha kabla ya barua inayofuata. Waandishi wa posthumanisimu wanapenda kucheza na neno la Kiingereza la kuwajibika, ambalo linatokana na kujibu, wakisema kwamba maadili ni uwezo wa kuitikia viumbe wengine. Kwetu "jibu" na "wajibu" yanasikika kama ndugu, lakini katika Kiarabu yametoka kwenye mizizi miwili tofauti: la kwanza ni jawabu, la pili ni kulazimiwa. Programu za siku hizi zinajibu vizuri sana, tena kwa ufasaha. Kulazimiwa, yaani kuwa na kitu cha kupoteza ukikosa kutimiza, bado hakuna aliyeweza kukitia ndani yake.

SWALI: Makampuni na mashirika yana nafsi ya kisheria, yaani yanaweza kumiliki mali na kushtakiwa, ingawa si watu. Kwa nini roboti zisipewe, kisha zikilipe zenyewe zilichoharibu?

JIBU: Wazo hilo liliwahi kufika mbali. Tarehe 16 Februari 2017 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililoitaka Tume ya Ulaya ifikirie, kwa siku za mbele, hadhi ya "mtu wa kielektroniki" kwa roboti zinazojitegemea zaidi. Mwaka uliofuata wataalamu wengi walilipinga kwa barua ya wazi, na sheria ya akili mnemba ambayo Umoja wa Ulaya uliipitisha mwaka 2024 haina hadhi hiyo.

Kukipeleka kitu mahakamani si jambo jipya. Waathene wa kale walikuwa na baraza lililohukumu mawe na vyuma vilivyoua watu, na kilichopatikana na hatia kilitupwa nje ya mipaka. Katika sheria ya kale ya Uingereza, kitu kilichomuua mtu kilichukuliwa na Mfalme, au thamani yake ikalipwa. Kanuni hiyo ilikuwa karibu kusahaulika hadi treni zilipoanza kuua, na mabaraza ya uchunguzi wa vifo yakaanza kuzikadiria injini kwa fedha nyingi. Mwaka 1846 kanuni ilifutwa, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyowawezesha jamaa za marehemu kumdai fidia aliyesababisha kifo kwa kosa lake. Waliacha kukiadhibu kitu, wakaanza kumdai mwenye kitu, na kwa maoni yangu hatuna sababu ya kurudi walikotoka.

Utasema kwamba mto Whanganui wa New Zealand ulipewa nafsi ya kisheria mwaka 2017, na wanaposthumanisti waliufurahia uamuzi huo, nami pia. Lakini angalia nani analindwa. Mto ulipewa nafsi ili wenye kuusemea waweze kuuzuilia madhara, ilhali roboti ingepewa nafsi ili wenye roboti wasifikiwe. Shirika la ndege la Air Canada lilijaribu njia hiyo: programu yake ya mazungumzo ilimpotosha abiria kuhusu punguzo la nauli kwa waliofiwa, na shirika likajitetea kana kwamba programu ile ni chombo kinachojitegemea, kinachowajibika kwa maneno yake. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia nchini Kanada lilikataa utetezi huo na kuliamuru shirika lilipe. Ukizungumzia makampuni, kumbuka kwamba kampuni ina mali na ina wakurugenzi wanaoweza kuitwa. Roboti italipa kwa fedha ya nani?

SWALI: Kazini kwangu kompyuta inatoa alama kwa kila ombi, nami nathibitisha. Kwa maandishi nina mamlaka ya kuikataa alama, lakini maombi ni mengi na sababu za alama hazionyeshwi. Kosa likitokea, ni langu?

JIBU: Kiasi fulani, ndiyo. Aristotle, ambaye leo nimemtaja kuliko nilivyokusudia, alisema kutojua humwokoa mtu isipokuwa pale alipojitakia kutojua huko, na akamtolea mfano mlevi, ambaye adhabu yake iliongezwa maradufu kwa kuwa angeweza kujizuia asilewe. Wewe umeshatambua kwamba sababu hazionyeshwi, na tangu siku ulipotambua, huwezi kusema hukujua. Kilichobaki ni kuhakikisha kwamba waliopanga kazi hiyo nao wanajua, na wanajua kwa maandishi. Waandikie wakubwa wako ukieleza unapewa dakika ngapi kwa kila ombi, ni nini huonyeshwi, na mara ngapi umetofautiana na alama. Kisha omba ama upewe muda na sababu, ama jina lako lisiandikwe mahali pa mwenye kuamua. Nakala ya barua hiyo ibaki kwako.